Kipunji na Mbao za Msikiti

Mwaka 2003, watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa vijiji vya Mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, walisimuliwa habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Palikuwa na shaka kama ni mnyama wa kweli au ni wa hadithi. Mwaka huo huo wakamwona kwa macho yao: manyoya marefu ya kahawia yanayomkinga na baridi ya mlimani, uso mweusi, na kishungi kilichosimama kichwani. Mwaka 2004, watafiti wengine walimkuta katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa.

Mwaka 2006 wataalamu walimpa jenasi yake peke yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa kima wa Afrika tangu 1923. Wakaliita jambo hilo ugunduzi, ilhali wazee wa Kinyakyusa walikwisha kumpa jina kitambo.

Ndugu msomaji, hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria kipunji wapatao 1,100 tu, nao wakiishi katika maeneo ambayo jumla yake haifiki kilomita za mraba 20. Hupita juu ya miti. Mti ukiangushwa, njia imekatika, na kundi lililotengwa na mengine hudhoofika. Ukataji wa mbao na uchomaji wa mkaa ndio uliouchanachana msitu wa Rungwe. Tena kipunji huingia mashambani kula mahindi, na mkulima humtegea mitego. Siwezi kumlaumu kwa wepesi mtu aliyekuta magunzi matupu mahali alipotarajia chakula cha wanawe. Huyo anahitaji kusaidiwa kulinda shamba, wala si kuhubiriwa na sisi wa mjini tunaonunua mkaa pasipo kuuliza ulikotoka.

Nasema sisi, nami nimo. Tulipoezeka upya paa la msikiti wetu, kamati ilijadili bei ya mbao kwa saa nzima. Hakuna aliyeuliza zilivunwa msitu gani. Risiti niliipokea mimi, katibu, nikaihifadhi jaladani kwa taadhima.

Mbao za madirisha bado hazijanunuliwa. Nimemwomba fundi kwamba, pamoja na bei, atuletee hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Amecheka, kisha akasema atajaribu. Kikao ni Jumamosi, baada ya alasiri.