Neno la Mhariri: Anayefunga Anataka Nini?

Yako mazoea, tena hata kwa watu waliosoma sana, ya kuwagawa wafungaji mafungu mawili. Kuna wanaofunga kwa ajili ya Mungu tu, wasioomba kitu. Na kuna wanaofunga kwa haja zao: mume apone, binti apate mchumba, mtoto afaulu mtihani, duka lisimame tena. Wa kwanza husifiwa. Wa pili huambiwa wanafanya biashara na Mungu. Toleo hili tumelitenga kwa saumu na nidhamu ya nafsi katika ibada ya Wahindu, na nataka nilifungue kwa kuupinga mgawanyo huo. Nimeusikia kwa wahubiri wa dini nyingine, nimeusikia kwa Wahindu wenyewe, na kila mara naona unawadhulumu watu wanaoijua njaa kuliko sisi tunaowaandika.

Tutazame kwanza nadhiri yenyewe inavyowekwa. Mhindu anayeweka vrata, yaani nadhiri ya kufunga, hutia nia kwa kinywa. Hukinga maji katika kiganja cha mkono wa kulia, akataja jina lake na ukoo wake, mahali alipo, tarehe kwa kalenda ya mwezi, kisha akasema anafunga kwa ajili ya nini, ndipo akayamwaga yale maji. Baada ya hapo yuko ndani ya nadhiri. Mmoja ataacha nafaka na jamii ya kunde, mwingine atakula mlo mmoja, mwingine hatagusa hata maji. Siku zenyewe ni nyingi: Ekadashi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi, kwa waja wa Vishnu, Jumatatu kwa Shiva, na wapo wanaofululiza Jumatatu 16, usiku wa Shivaratri, ambao hukeshwa, Janmashtami, ambayo hufunguliwa saa sita ya usiku, saa aliyozaliwa Krishna, na siku tisa za Navaratri. Mifungo mingi ina kisa chake kinachosomwa kwa sauti siku hiyo, cha mtu aliyefunga akajaliwa, au aliyeivunja nadhiri akapoteza alichokuwa nacho. Haja inatajwa waziwazi, wala hakuna anayeionea haya.

Hata kwa miungu ni hivyo. Visa vya kale vinasimulia kwamba Parvati alimtaka Shiva awe mumewe, na Shiva wakati huo amezama katika tafakuri, hana habari na ndoa. Parvati akashika tapas, mazoezi makali ya kuutiisha mwili. Akaacha chakula, akabaki na majani makavu yaliyojidondokea mtini, mwisho akayaacha na majani. Alichokitaka ni mume. Na huyo ndiye kielelezo cha wasichana na wake wa India ya kaskazini wanaofunga siku ya Hartalika Teej. Anayesema kumfungia mume ni ibada ya daraja la chini inambidi aanze kwa kumshusha Parvati.

Lakini mahali ninapoliona jambo hili kwa uwazi zaidi ni Bihar, katika Chhath, ibada ya jua inayofanywa mwezi wa Oktoba au Novemba, siku chache baada ya Diwali. Ni siku nne. Siku ya kwanza mfungaji, ambaye mara nyingi ni mama mtu mzima ingawa wanaume nao wamo, huoga mtoni kisha akala mlo mmoja usio na kitunguu wala kitunguu saumu: wali, dengu na mumunye. Siku ya pili hushinda na njaa, na jua likishazama hula wali uliopikwa kwa maziwa na sukari guru. Hapo ndipo anapofunga kinywa. Hali wala hanywi mpaka jua la siku ya nne lichomoze, kama saa 36 hivi bila tone la maji.

Na katika saa hizo halali akapumzika. Anapika. Ngano imeshaoshwa na kuanikwa juani, na mtu amewekwa kuilinda ili ndege asiidonoe, maana kilichodonolewa hakifai tena kutolewa. Unga wake unakandwa kwa samli na sukari guru, unakatwa vipande, unakaangwa juu ya jiko jipya la udongo kwa kuni za mwembe. Vitafunio hivyo huitwa thekua. Nyumba nzima inanukia, watoto wanazungukazunguka mlangoni, na hakuna anayeonja, hata mpishi mwenye kiu ya siku nzima. Jioni ya siku ya tatu familia inashuka mtoni na vikapu kichwani, miwa, nazi, vichane vya ndizi. Mama anaingia majini hadi kiunoni, ameshika ungo wa mianzi uliosheheni matunda na thekua, amelielekea jua linalozama. Kabla ya alfajiri anarudi palepale, baridi imekwishaingia, anasimama tena akilingoja jua litoke. Hakuna kuhani anayelazimika kuwapo kati yake na jua. Alichokiomba ni watoto wawe wazima na nyumba isipungukiwe.

Kama hii ni biashara, basi ni biashara ya ajabu, kwa sababu bei yake ingeweza kuwa ndogo sana. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, katika sura ya 9, inamfanya Krishna aridhike na jani, ua, tunda au maji, mradi vimetolewa kwa upendo. Mama yule angeweza kwenda hekaluni na shada la maua, akaomba, akarudi nyumbani kunywa chai. Hakutaka hivyo. Alitaka ombi lake lipitie mwilini mwake, awe amelibeba kwa miguu iliyosimama majini na koo lililokauka, ndipo alitamke. Mimi nasema hapo haja na ibada haziwezi kutenganishwa tena, na anayejaribu kuzitenganisha anamwondolea mwanamke huyo kitu alichokifanya yeye mwenyewe.

Najua hoja itakayoletwa. Gita hiyohiyo, sura ya 17, inaipanga tapas daraja tatu. Ya juu ni ya imani isiyotazamia tunda. Ya kati ni ya kutafuta sifa na heshima za watu. Ya chini ni ya ukaidi wa kijinga, ya kuutesa mwili, au ya kumwangamiza mtu mwingine. Nimeirudia sura hiyo kwa ajili ya toleo hili, na ninachokiona ni kwamba anayelaumiwa ndani yake si mama anayemwombea mwanawe. Ni anayefunga ili aonekane, na anayefunga ili aumize. Sura ya 2 nayo inasema jambo ambalo kila mfungaji analijua: ukijinyima, vyakula vitakwenda zake, lakini hamu yake inabaki ndani mpaka uone kilicho kikubwa kuliko hivyo. Kitabu hicho hakijidanganyi kwamba njaa inaua tamaa.

Ndiyo maana swali la kwa nini mtu alianza kufunga halitufikishi mbali. Lenye manufaa ni kwa nini anaendelea. Desturi yenyewe imeweka njia ya kutokea: nadhiri ya muda ikitimia hufanyiwa udyapan, ibada ya kuihitimisha, watu wakalishwa na sadaka ikatolewa, na mfungaji yuko huru. Wengi hawatoki. Aliyeanza Jumatatu zake akitafuta kazi alishaipata kazi zamani, na bado Jumatatu hali. Aliyeomba mtoto akanyimwa bado anafunga. Anne Mackenzie Pearson, aliyewachunguza wanawake wa Banaras na mifungo yao, alichapisha kitabu mwaka 1996 ambacho jina lake limebeba jibu la mfungaji: kwa sababu kunanipa utulivu wa moyo. Haja ya kwanza imekwisha au imekufa, na nadhiri imekuwa sehemu ya mtu, saa ambayo hakuna wa kumwingilia, nyumbani kwake au kwa mama mkwe.

Putlibai, mama yake Mohandas Gandhi, alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwanawe ameeleza katika tawasifu yake kwamba katika miezi minne mitakatifu ya masika mama aliwahi kuweka nadhiri ya kutokula mpaka alione jua. Watoto walisimama nje wakilichungulia wingu. Jua likijitokeza walimkimbilia kumwita, akitoka limekwishajificha. Naye alisema kwa uchangamfu kwamba Mungu hakutaka ale siku hiyo, akarudi kwenye kazi zake. Uchangamfu huo ndio unaonivutia kuliko ukali wa nadhiri.

Sasa nije kwenye yanayoniuma, maana kuitetea haja si kutetea kila mfungo. Karva Chauth, mfungo wa wake wa Punjab na majirani zake, huanza kwa mlo wa kabla ya alfajiri, mfano wa daku, na hufunguliwa mwezi ukishaonekana kupitia chekecheke, mume akimnywesha mkewe maji. Ni kwa ajili ya maisha marefu ya mume. Wasomaji wetu wanaopenda picha za Kihindi waliuona katika Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, ambamo kijana naye amefunga kwa siri kwa ajili ya mpenzi wake. Desturi yenyewe haimdai mwanamume lolote la kulingana na hilo, na wanawake wa Kihindu wanaolilalamikia wana haki. Na Bengali ilikuwako dhuluma kubwa zaidi: wajane wa tabaka za juu walilazimishwa kuishika Ekadashi bila maji, hata katika joto kali, hata msichana mdogo aliyeozwa utotoni. Huyo hakuweka maji kiganjani akataja haja yake. Wengine waliitaja kwa niaba yake, na nidhamu ya nafsi ikageuka adhabu.

Gandhi mwenyewe alikutana na hatari ya upande wa pili, ya mfungo unaomkaba mwingine. Mwaka 1918, katika mgomo wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo Ahmedabad, alifunga siku tatu ili wafanyakazi wasivunje ahadi yao. Baadaye aliandika kwamba mfungo ule ulikuwa na kasoro, kwa kuwa wenye viwanda walikuwa rafiki zake na uliwabana. Septemba 1932, akiwa gereza la Yerwada, alifunga kupinga wapigakura wa tabaka la waliotengwa kuwekewa uchaguzi wao peke yao. B. R. Ambedkar, kiongozi wao, alijikuta ameshikilia uhai wa mtu anayependwa na mamilioni. Mapatano ya Poona yakatiwa saini tarehe 24. Ambedkar hakuusamehe mfungo ule, na mimi sioni namna ya kumwambia amekosea. Hapo kipimo cha Gita kinafanya kazi: njaa iliyoelekezwa kwa mtu ni kitu tofauti na njaa iliyoelekezwa kwa Mungu, hata kama aliyefunga ni mwema.

Kuhusu chakula cha mfungo nitagusa moja tu. Maharashtra siku ya Ekadashi hupikwa sabudana kwa karanga, viazi na pilipili mbichi. Sabudana ni punje za wanga wa muhogo. Muhogo, karanga, viazi na pilipili vyote asili yake ni Amerika. Havimo katika makatazo ya nafaka, kwa hiyo vimeruhusiwa. Wamarathi wana msemo kwamba Ekadashi ni siku ya kula maradufu, na waalimu wao wa dini wanalikemea hilo kwa haki.

Tunaoishi jirani na mahekalu ya Kisutu, Dar es Salaam, au ya Mombasa na Nairobi, tunafanya kazi na kusoma na watu wanaoshika siku hizi. Wafuasi wa madhehebu ya Swaminarayan miongoni mwao wanafuata Shikshapatri, maagizo ya mwaka 1826 yanayowataka waishike Ekadashi. Mara nyingi hatujui hata kwamba mwenzetu ofisini hajala leo. Waandishi wa toleo hili tuliwaomba wamsikilize mfungaji kabla ya kusikiliza wanaomfafanua, na wawaulize waliokwisha kupata walichokiomba, na walionyimwa, kwa nini bado wanafunga. Majibu yao yanaanza ukurasa unaofuata. Msomaji Mhindu atakayetuona tumemwelewa vibaya, kurasa za barua za toleo lijalo tumemwachia yeye kwanza.