Mahindi Yetu Yanataka Depo

Kila mavuno, mahindi ya Lubarika, Kivu Kusini, yanashuka hadi barabara ya taifa namba 5, yanauzwa Uvira na Bukavu kwa bei ya chini, na miezi michache baadaye mama yuleyule aliyeyauza ananunua unga kwa bei ya juu. Kinachomsukuma kuuza mapema ni minervali ya shule ya watoto, hofu ya fukusi, na vita vilivyotufundisha kwamba mzigo mkubwa haukimbizwi. Wahenga walisema akiba haiozi, ila mahindi yasiyokauka huoza, na ukungu wake huacha sumukuvu inayoumiza ini na isiyoisha kwa kupikwa. Tuyaanike juu ya turubai mpaka unyevu ufikie asilimia 13 hivi. Kipimo cha kukadiria ni rahisi: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise, chumvi ikinata kwenye chupa, yarudishe juani. Yakikauka, yafungwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo fukusi hufa bila dawa. Vyama vya wakulima, makanisa na machifu, jengeni depo ya pamoja yenye daftari lililo wazi, ili mkulima auze siku anayoichagua mwenyewe.