Kidole cha Mzee

Zamani wapagazi waliotoka Tabora kwenda pwani walihesabiwa kwa mizigo. Leo twahesabiwa kwa vidole. Usajili wa laini za simu kwa alama ya kidole ulianza Mei 1, 2019, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020. Hatuupingi. Matapeli wamewatesa wananchi mno.

Lakini tazameni hapa Mtendeni. Mzee anaketi chini ya mwavuli wa wakala. "Rudia, baba, kidole hakijasoma." Anarudia. Kumbe kilisoma! Mara ya pili ni laini nyingine, kwa jina lake, mkononi mwa asiyemjua. Ikitapeli watu, atatafutwa yeye.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Ni njema, ila haijafika chini ya mwavuli. Basi kila tawi litenge siku, vijana wawabonyezee wazee *106# waone laini zilizo kwa jina lao; ya kigeni ifungwe.

Na makampuni tunayauliza: wakala huyu ni wa nani? Akiuza laini, ni wenu. Akiiba, mwasema hamumjui.