Mkono na Mguu Havinunui Kitenge

Wanafunzi wenzangu, nina ugomvi na orodha moja. Ni ile ya nahau za Kiingereza kuhusu fedha, tunayoikariri kisha tukaitafsiri neno kwa neno katika insha zetu za Kiswahili, tukidhani huo ndio usomi.

Orodha hiyo imewahi kuniaibisha. Nilikuwa nikimsaidia mama kuuza vitenge hapa Muhima, karibu na kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Mzee mmoja msafiri kutoka Bukoba akauliza mbona bei imepanda. Nikajibu kwa madaha, "Mzee, hata sisi vimetugharimu mkono na mguu." Akanitazama mikono, kisha miguu. "Pole, mwanangu. Nani kaumia?" Mama, aliyejifunzia Kiswahili sokoni, akadakia, "Bei inazungumzika, mzee." Wakazungumza, kitenge kikauzwa.

Waingereza wakisema hivyo wana maana ya bei kubwa mno, na kwao inaeleweka. Lakini Kiswahili kina mikono yake: bahili ana mkono wa birika, mkarimu ana mkono wazi, na mkono mtupu haulambwi. Kwa nini tuazime kiungo tulicho nacho?

Husema pia kwamba mtoto wa tajiri amezaliwa na kijiko cha fedha mdomoni. Kwao fedha hapo ni madini tu. Kwetu fedha ni madini na ni pesa vilevile, hivyo msomaji hajui mtoto ameng'ata nini. Tena husema pesa haioti mtini. Mwambieni hivyo mkulima wa Rwanda anayesomesha watoto kwa mibuni yake!

Mtaniambia Kiingereza ndiyo lugha ya ajira. Sikatai. Mwaka 2008 serikali iliamua kiwe lugha ya kufundishia, nami nimesomeshwa nacho. Nahau zake tuzijue, tuzitumie tunapoandika Kiingereza. Lakini Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na jirani anayeshuka Nyabugogo kununua bidhaa hataki tafsiri. Anataka tuelewane bei.

Basi tuifunge orodha, tufungue masikio sokoni. Huko tutasikia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kwamba dawa ya deni ni kulipa. Mama hakuzikariri methali hizo kwa ajili ya mtihani. Alizifanyia kazi, na karo yangu imetoka humo.