Kipya Kinyemi: Vifaa vya Umeme na Deni la Waliovitengeneza

Kila mwaka kampuni kubwa za simu hutoa toleo jipya. Kamera imeongezewa makali, kioo kimepanuliwa kwa unene wa ukucha, rangi imepewa jina la madini au la ua, na simu ya mwaka jana inaanza kutazamwa kwa jicho la huruma. Simu hiyo haijaharibika. Inapiga, inapokea, inatuma pesa, na picha za harusi inapiga. Kosa lake ni moja tu, kwamba si mpya. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na viwanda vya vifaa vya umeme vimeugeuza msemo huo kuwa mpango wa biashara.

Kidonda chenyewe kinapimika. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme: simu, kompyuta, friji, televisheni, taa, nyaya. Chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaokubalika, na barani Afrika kiwango hicho hakikufika hata asilimia moja. Zilizobaki zilizikwa, zilichomwa, ziliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, au zimelala kabatini zikisubiri siku ya kutupwa.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, ile inayotiwa katika betri nyingi za simu na kompyuta, hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika mikoa ya Lualaba na Katanga ya Juu. Pembezoni mwa Kolwezi, wanaume na vijana huteremka mashimoni kwa kamba, bila kofia ngumu wala nguzo za kuzuia udongo usiporomoke. Koltani, inayotoa tantali ya vijisehemu vya kuhifadhia umeme ndani ya simu, huchimbwa kwa sururu na koleo Rubaya, wilayani Masisi, katika nchi ambayo vikundi vyenye silaha vimegombea milima kwa sababu ya kilichomo tumboni mwake. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zilizoandikishwa katika masoko yake ya hisa ziseme kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu zao zinatoka Kongo au kwa majirani zake. Sheria hiyo ilitaka kampuni ziseme. Kusema si kutenda, na si kulipa.

Kutoka mgodini madini huenda viwandani, na huko ndiko uharibifu mkubwa wa hewa unakofanyika. Ripoti za watengenezaji wenyewe zinakiri kwamba sehemu kubwa ya hewa ya ukaa inayotokana na simu, tangu kuzaliwa hadi kufa kwake, hutolewa wakati wa kuitengeneza, kabla mnunuzi hajaiwasha mara ya kwanza. Maana yake ni nyepesi na haihitaji mtaalamu: simu moja iliyodumu miaka sita ni nafuu kwa dunia kuliko simu tatu zilizodumu miaka miwili miwili, hata kama hizo tatu zilikuja katika maboksi ya karatasi iliyorejelezwa yenye picha ya jani la kijani. Jani hilo ni pambo. Aliyetaka kuihurumia ardhi angeanza kwa kutengeneza kitu cha kudumu.

Badala yake, kinachotengenezwa ni kitu cha kufa mapema. Simu za zamani, zile za tochi, mtu alizifungua mgongo kwa ukucha, akatoa betri, akatia nyingine aliyonunua dukani kwa bei ya mlo wa mgahawani, na maisha yakaendelea. Betri ya lithiamu huchoka baada ya miaka michache. Hilo ni umbile lake, na kila mhandisi analijua. Kuifungia ndani kwa gundi, nyuma ya kioo kisichofunguka bila moto na vifaa maalumu, ni sawa na kushona kanzu ambayo kifungo kikikatika, kanzu nzima inatupwa. Watengenezaji hujitetea kwamba gundi huzuia maji. Lakini zilikuwapo simu zilizozuia maji na mgongo wake ukafunguka.

Mifano haikosi kwa anayetaka kuitazama. Februari 2020 mamlaka ya Ufaransa inayosimamia ushindani wa biashara na ulinzi wa walaji iliitoza Apple faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja kwamba masasisho ya programu yangeweza kupunguza kasi ya simu zao za zamani. Oktoba mwaka huohuo kampuni hiyohiyo iliondoa chaja katika maboksi ya simu zake mpya, ikatangaza kwamba imefanya hivyo kwa ajili ya mazingira. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, maana chaja zimejaa majumbani. Ila bei ya simu haikushuka kwa thamani ya chaja, na chaja ikawa inauzwa peke yake, katika boksi lake peke yake. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10, na kompyuta nyingi zisizo na ubovu wowote zikaambiwa hazina sifa ya kupokea Windows 11. Shule zilizopewa kompyuta za msaada, mitumba kutoka ofisi za Ulaya, zinaelewa habari hiyo inaangukia wapi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na viwanda hivi vimesifiwa mno kwa ubunifu hata vikaona kila ukatili ni maendeleo.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtengenezaji akishauza, mzigo si wake tena. Unakuwa wa kijana anayeokota nyaya katika dampo la Dandora jijini Nairobi au Pugu Kinyamwezi jijini Dar es Salaam. Nyaya huchomwa ili plastiki iungue na shaba ibaki, na moshi wake una dioksini, sumu isiyotoka mwilini upesi. Vioo vya televisheni za chogo vina madini ya risasi yanayoweza kuzidi kilo moja kwa seti moja. Taa ndefu za mirija zina zebaki. Bodi za simu zina dhahabu, na tani moja ya simu chakavu ina dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya mgodi wa kawaida. Lakini anayeitafuta dhahabu hiyo kwa beseni la tindikali uani kwake huvuna mapafu mabovu pamoja na dhahabu yenyewe, na maji machafu huyamwaga mtaroni wanakochezea watoto.

Risasi hudumaza akili ya mtoto, na mji wa Mombasa umelijua hilo kwa uchungu. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Betri hizo hazikuwa za simu, zilikuwa za aina inayotumika kwenye magari na kuhifadhia umeme wa sola, lakini risasi haiulizi ilitoka katika chombo gani. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani hapo, aligundua kwamba damu ya mwanawe mchanga ilikuwa na sumu hiyo, akaanza kudai haki kwa ajili ya kitongoji kizima. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na miongoni mwa waliobebeshwa lawama zilikuwamo taasisi za serikali zilizopaswa kulinda watu. Shauri likazungushwa katika rufaa hadi Mahakama ya Juu, iliyoirejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Huo ni muongo mzima tangu kiwanda kufungwa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika biashara hii mchuma janga hukaa mbali, na wanaokula ni watoto wa watu wengine.

Sheria zipo, na hazikuanza leo. Mwaka 1988 shehena ya taka za sumu kutoka Italia iligunduliwa Koko, nchini Nigeria, na miaka mitatu baadaye nchi za Afrika zilitia saini Mkataba wa Bamako wa kupiga marufuku kuingizwa taka za sumu barani. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 nao ulirekebishwa, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za vifaa vya umeme, ziwe na sumu au zisiwe nayo, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kuridhia kwanza. Upenyo uliobaki ni jina. Kontena likiandikwa kuwa lina vifaa vilivyotumika bado vizima, linapita. Likifunguliwa, baadhi ya vilivyomo ni maiti.

Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, na kanuni zilizofuata mwaka 2024 zinamtaka anayetengeneza au kuingiza bidhaa abebe gharama za bidhaa hiyo hata baada ya kuchakaa. Rwanda ina kiwanda chake cha kuchambua taka hizi wilayani Bugesera. Hizo ni hatua za kupongezwa. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka: makao makuu ya mtengenezaji yako Cupertino, Seoul au Shenzhen, na anayeingiza kontena la simu za bei nafuu anaweza kufunga duka kesho akafungua jingine kwa jina jipya.

Ulaya imeonyesha kwamba viwanda hivi husikia vinapoambiwa na mwenye nguvu. Tangu Juni 2025 simu mpya zinazoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya lazima ziwe na spea kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua mitano. Tangu mwisho wa mwaka 2024 simu mpya huko lazima zitumie tundu moja la chaja. Mtengenezaji ni yuleyule. Ikiwa anaweza kumpa spea mtu wa Paris, hakuna sababu ya haki ya kumnyima mtu wa Tandika au wa Kisumu, ambaye huenda aliinunua simu yake kwa mapato ya mwezi mzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ni soko la mamilioni ya watu. Ikisema kwa sauti moja kwamba simu isiyo na spea haishuki bandarini Mombasa wala Dar es Salaam, itasikika.

Hata hivyo si haki kuvipa viwanda lawama yote. Mwishoni mwa Desemba 2012 Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, televisheni ya chogo haikufa. Ilihitaji king'amuzi tu, na ikaonyesha picha kama kawaida. Lakini chogo liligeuka aibu ya sebule, na watu waliokuwa na deni la ada ya shule walikopa ili wawe na skrini bapa ukutani. Usitupe mbachao kwa msala upitao, ndivyo walivyoonywa tangu utotoni, nao wakatupa. Dini kubwa zinazofuatwa katika nchi hizi zinafundisha kwamba mali ni amana na israfu ni dhambi. Anayefunga na kusali, kisha akabadilisha simu nzima kila mwaka kwa sababu jirani amebadilisha yake, ana swali la kujibu.

    

Sifa moja haipaswi kunyimwa watu wa ukanda huu, nayo ni fundi wao. Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli ya Nairobi, Owino ya Kampala na kila kituo cha basi kina kijana mwenye meza ndogo, taa, pasi ya kulehemu na bisibisi, anayefufua kile ambacho mtengenezaji alikwisha kukitangazia kifo. Anabadilisha kioo, anatoa kijisehemu katika simu mfu na kukipandikiza katika simu hai, na mara nyingi alijifunza kwa kukaa kando ya fundi mwingine. Hakuna idara ya mazingira iliyozuia taka nyingi kuliko yeye. Hata hivyo hudharauliwa, hufukuzwa na mgambo, na kunyimwa michoro ya vifaa anavyovitengeneza, huku msomi mwenye shahada akizunguka na mada kuhusu uchumi rejelezi katika hoteli yenye kiyoyozi.

Fundi huyu ndiye wa kuanza naye. Vyuo vya ufundi stadi vimpe cheti kwa ujuzi alio nao, halmashauri impangie mahali pa kudumu, na sheria imlazimishe mtengenezaji kumuuzia spea halisi na kumwonyesha mchoro. Maduka ya simu yawekewe pipa la kupokea betri na simu mbovu, na gharama ya kuzisafirisha hadi kwenye viwanda vya kuzichambua ilipwe na aliyeziingiza. Serikali nazo zifikirie mapema amri zao zinaacha nini nyuma: Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania ilipozima simu bandia, amri ilikuwa na sababu zake, lakini simu zilizozimwa hazikuyeyuka. Amri ya namna hiyo ikitolewa tena, tangazo lake litaje pia mahali pa kuzipeleka na nani atalipia.