Barua Niliyokataa Kuiandika



Mwezi wa saba mwaka 2019, siku chache kabla ya kuingia Dhul Hijja, mtoto wa shangazi yangu alivuka mpaka pale Vurra akaja mpaka nyumbani kwangu Arua. Yeye ni mfanyabiashara wa Ariwara, upande wa Kongo, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na tangu nilipoanza kufundisha madrasa aliacha kuniita mdogo wake akawa ananiita Mwalimu. Alikuwa amebeba mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na vitambaa viwili vyeupe vya ihramu, vipya, bado vimekunjwa kama vilivyotoka dukani.

Alikuja kuomba barua. Alitaka niende naye kwa mwenyekiti wa LC, nishuhudie kwamba yeye ni mkazi wa Arua, ili apate vitambulisho vya Uganda, kisha pasipoti, kisha viza ya Hija.

Mnaikumbuka hali ya mwaka ule. Ebola ilikuwa imeshika Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu Agosti 2018, na mpaka ilipotangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Tarehe 17 Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ni dharura ya afya ya dunia nzima. Mwezi huo huo Saudia ikasema haitatoa viza za Hija kwa watu wa Kongo. Mtu aliyeweka akiba miaka kumi akaamka asubuhi, akasikia redioni kwamba safari haipo.

Hoja ya ndugu yangu haikuwa ya kijinga. Alisema: Mwalimu, mama yangu alizaliwa hapa hapa Arua, amezikwa hapa. Mpaka huu nani aliuweka? Mimi na wewe lugha moja, ukoo mmoja, tunazikana. Kwa nini wewe uende Makka na mimi nibaki, kwa sababu ya karatasi ya Mzungu?

Kwa historia yuko sahihi. West Nile yenyewe iliingizwa Uganda mwaka 1914 tu. Kabla ya hapo ilikuwa chini ya Sudan, na kabla yake ilikuwa chini ya Mfalme wa Wabelgiji. Nendeni Koboko, kwenye kona ile nchi tatu zinapokutana, mtawakuta Wakakwa wa Uganda, wa Kongo na wa Sudan Kusini wanaoana na kudaiana mahari. Ugonjwa haujui mpaka, na undugu haujui mpaka. Viza peke yake ndiyo inayojua.

Tena nilikuwa na deni la kumbukumbu. Mwaka 2001 tuliofungiwa mlango tulikuwa sisi. Ebola ilizuka Gulu Oktoba 2000, ikawapata watu 425 na kuua 224, akiwemo Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyebaki na wagonjwa wake mpaka akafa nao. Saudia ikawazuia mahujaji wa Uganda. Mlipuko ulitangazwa kwisha mwishoni mwa Februari, siku chache tu kabla ya kisimamo cha Arafa, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Mimi nilikuwa kijana mwanafunzi. Nilimwona mzee aliyekuwa ananifundisha Qur'an akirudisha sanduku lake uvunguni mwa kitanda. Hapa Arua tulinung'unika sana: Gulu iko mbali, sisi tuna kosa gani? Ni kweli ilikuwa mbali. Lakini katika mlipuko ule ule ugonjwa ulifika Masindi, na ukafika mpaka Mbarara, ambako ni mbali zaidi na Gulu kuliko sisi. Hilo hatukulisema barazani.

Basi nikamkatalia. Nikamwambia, kaka, nitakupa chakula, nitakupa mahali pa kulala, na nitakuombea dua. Barua sitaandika.

Naomba nieleweke. Sikukataa kwa sababu nilikiona kizuizi kile kuwa cha haki. Shirika la Afya Duniani lenyewe, siku lilipotangaza dharura, lilizitaka nchi zisifunge mipaka wala zisizuie safari, kwa sababu mtu akifungiwa mlango wa mbele hutafuta njia za panya, na njia ya panya haina nesi, haina maji ya kunawa wala kipima joto. Beni, kwenye kitovu cha mlipuko, na Ariwara ziko mbali, zaidi ya kilomita 400. Kumpima mtu kwa rangi ya pasipoti yake badala ya hali ya mwili wake ni kipimo kibovu. Hilo nililisema wakati ule na nalisema leo.

Lakini mwishoni mwa Juni mwaka ule ule, mwanamke mmoja aliyesafiri kutoka Beni alithibitishwa kuwa na Ebola papo hapo Ariwara. Ndugu yangu aliijua habari hiyo kuliko mimi, maana ni mji wake. Nilipomuuliza, aliangalia chini.

Na kabla ya hapo, mapema Juni, kule Kasese kulikuwa na jambo ambalo kila mzazi wa mpakani anapaswa kulijua. Familia moja ilikwenda Kongo kumuuguza na kumzika babu yao. Walipokuwa wanarudi baadhi yao walikuwa tayari na dalili, wakatengwa upande wa Kongo wasubiri kupelekwa kwenye matibabu. Baadhi yao wakaondoka, wakavuka kuja Uganda. Mtoto wa miaka 5 na nyanya yake wakafia hospitali ya Bwera. Hawakuwa watu wabaya hao. Walitaka kufika nyumbani tu, kama ndugu yangu alivyotaka kufika Makka.

Hapa ndipo mahali pa kusoma habari ya Sayyidna Umar (R.A.) vizuri, si nusu nusu kama tunavyozoea. Alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele. Akashauriana na Muhajirina, akashauriana na Ansari, wakahitilafiana, kisha akawaita wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.), akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): mkisikia tauni iko katika nchi msiiendee, na ikitokea mlipo msitoke kwa kuikimbia.

Khutba nyingi huishia kwenye sehemu ya kwanza. Ni nyepesi, inamwambia mwingine asije kwetu. Sehemu ya pili ndiyo chungu, kwa sababu inakuhusu wewe uliye ndani, mwenye afya yako, mwenye tiketi yako. Abu Ubayda aliibeba. Inasimuliwa kwamba Umar alimwandikia barua amwite Madina, naye akaelewa kuwa Khalifa anataka kumwokoa, akaomba aachwe na jeshi lake. Akafa katika tauni ile ya Amwas.

Ndugu yangu akaniambia: mimi sikimbii tauni, mimi nakwenda kumwabudu Mola wangu. Jibu zuri. Nililala nalo usiku kucha. Asubuhi nikaona kwamba kama nia ndiyo ibada, basi kuianza kwa ushahidi wa uongo mbele ya mwenyekiti wa LC ni kuichafua kabla hajavaa ihramu. Na ule uongo haungekuwa wake peke yake. Mahujaji wa West Nile wangebebeshwa jina lake kama angeugua Mina.

Tusisahau pia kwamba woga wa wanaotunza Makka una sababu. Mwaka 1865 kipindupindu kiliua mahujaji kwa maelfu, kisha kikasafiri na waliobaki mpaka Misri na Ulaya. Mwaka 2000 homa ya uti wa mgongo ilirudi na mahujaji kwenye nyumba zao katika nchi nyingi, na ndiyo maana leo huendi bila chanjo yake. Sisi wa West Nile tusiibeze sindano hiyo, maana homa hiyo tunaijua kwa makaburi. Mtu anayenunua kadi ya chanjo bila kuchanjwa, na wapo, tusidanganyane, anafanya kile kile alichotaka kukifanya ndugu yangu, tena bila hata uchungu wake.

Sasa, jamaa tuna wajibu gani kwa aliyezuiwa? Naona tunaukwepa. Tunamwambia "subira, Haji" kisha tunaondoka. Pesa zake ziko wapi? Ndugu yangu alikuwa amemlipa wakala wa safari, simtaji, na ilimchukua miezi kupata nusu tu ya pesa zake. Wakati wa korona nimeyaona hayo hayo kwetu. Mwaka 2020 walihiji watu wapatao elfu moja tu, wote wakazi wa Saudia. Mwaka 2021 elfu sitini, wote wa humo humo. Mwaka 2022 milango ikafunguliwa kwa wageni, lakini kwa walio chini ya miaka 65. Kuna bibi mmoja wa Koboko aliyeuza ng'ombe wake ili aende mwaka 2020. Mwaka 2022 akaambiwa amepita umri. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2023, na wakati huo magoti yake yalikuwa yamekwisha. Ng'ombe hawakurudi. Kwa nini misikiti yetu haimwambii muumini, kabla hajatoa shilingi moja, adai karatasi inayosema nini kitatokea ugonjwa ukifunga njia? Tunaandikiana deni la gunia la mihogo, tunashindwa kuandikiana safari ya mamilioni?

Mtume (S.A.W.) mwenyewe alizuiwa. Hudaybiya, mwaka wa sita, akiwa ndani ya ihramu, karibu kabisa na Makka. Maswahaba waliumia mpaka walipoambiwa wachinje na wanyoe hakuna aliyeinuka. Ni Mama Ummu Salama (R.A.) aliyemshauri atoke, asiseme na mtu, achinje na anyoe mwenyewe, walipomwona wakainuka. Nimewafundisha watoto kisa hiki mara nyingi kama habari ya mapatano. Baada ya 2019 nakifundisha kama habari ya watu waliorudishwa njiani.

Ndugu yangu aliondoka bila kuaga. Idi ile hakuja. Mwezi wa pili 2020 alinipigia simu, akacheka, akasema anajiandaa kwa Hija ya mwaka huo, kwa pasipoti yake mwenyewe. Haukupita muda ugonjwa mwingine ukafunga kila kitu, na tangu Machi mpaka wetu ukafungwa kwa watu.

Alifariki Ariwara mwezi wa saba mwaka 2020, kwa shinikizo la damu, siku chache kabla ya Arafa. Vijana wa mtaani kwangu walikuja usiku na pikipiki. Wakasema, Mwalimu, njia tunayo, alfajiri utakuwa msibani, utarudi kabla hakujakucha tena. Wengine wa ukoo walikwenda.

Mimi sikwenda. Misikiti ilikuwa imefungwa, nikawapanga watoto wangu safu moja uani, tukamswalia swala ya ghaibu. Wanawe walinieleza baadaye kwamba walimkafini kwa vile vitambaa viwili, wakaongeza kimoja.