Mchuma Janga Hula na wa Kwao

Wiki hii tumeletewa barua na bibi mmoja akaaye Naguru, mke wa askari polisi, ambaye ameomba tusilitaje jina lake. Mumewe alikamatwa usiku wa Jumamosi akitoka Ntinda, akiendesha gari aliloazimwa na shemeji yake, hali amelewa. Alipimwa pumzi, akalala mahabusu, na kesho yake akatoka kwa dhamana ya polisi. Sasa anangoja siku yake ya kufika mbele ya hakimu huko Nakawa. Hakugonga mtu, wala gari halikupata hata mkwaruzo. Lakini amekuja rafiki wa nyumbani, naye asema kwamba akipewa kitu kidogo atahakikisha faili linapotea. Fedha iliyomo nyumbani ni karo ya watoto wawili. Bibi huyu auliza: "Nimpe, au nisimpe?"

Jibu letu ni fupi: usimpe, mama. Maelezo yake ndiyo marefu kidogo, nasi twaomba yasomwe na mume pia.

Bwana huyu ashikilia kwamba chombo kilimsingizia. Asema alikunywa chupa tano tu za bia tangu saa mbili usiku, akala nyama, kisha akatafuna vitunguu kabla ya kushika usukani. Chombo hicho, ambacho watu wa Kampala wamekibandika jina la kawunyemu, hakinusi harufu ya kinywa. Pombe ikinywewa huingia katika damu. Damu ikapita mapafuni. Na pale pombe hutoka pamoja na pumzi. Kitunguu huficha harufu, lakini hakiwezi kuificha pombe iliyomo damuni. Kanuni za Uganda zilizotolewa mwaka 2004 ziliweka mpaka wa miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, sawa na kipimo kilichowekwa Uingereza mwaka 1967.

Tufanye hesabu kama wanafunzi. Chupa moja ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 5, ina gramu 20 hivi za pombe. Chupa tano ni gramu 100. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, wala halina haraka. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, na kuoga maji ya baridi hakuiharakishi. Kwa hiyo aliyeanza kunywa saa mbili usiku huenda asisafike mpaka kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi. Askari wangapi huamka alfajiri, wakavaa sare, wakapanda pikipiki kwenda lindo wakidhani wamelala wakapona? Na waragi ni kali kuliko bia.

Sasa tuje kwenye haki, maana mwenye kosa naye ana haki zake. Katiba ya 1995, katika Ibara ya 23, yaagiza kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu; kwamba akiomba, jamaa zake wajulishwe mapema iwezekanavyo; na kwamba asipoachiliwa, afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 48. Ibara ya 28 yasema ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka ithibitike, au mpaka akiri mwenyewe. Dhamana ya polisi hailipiwi hata senti moja. Ikiwa bwana huyu aamini kweli kwamba kipimo kilikosewa, mahali pa kusema hayo ni mbele ya hakimu, yeye mwenyewe au kwa kinywa cha wakili. Huko atasikilizwa bila kumnunua mtu.

Lakini kulipia faili lipotee ni jambo jingine. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2009 humshika mtoaji kama imshikavyo mpokeaji. Mume ana shitaka moja. Mama akitoa fedha ile, nyumba itakuwa na mashitaka mawili, na la pili litakuwa lake yeye. Tena, faili lililopotezwa kwa fedha laweza kuonekana tena kwa fedha. Rafiki huyo atarudi mwezi ujao, na mwezi utakaofuata, naye atakuwa ameshika kamba ambayo ncha yake imefungwa shingoni mwa mume wako.

Liko na neno zito zaidi. Wazee walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mume wako huvaa sare. Kazi yake humpa amri ya kumsimamisha dereva wa teksi na kijana wa bodaboda, na kumwambia, "Wewe umevunja sheria." Je, atamwambiaje tena neno hilo? Kilima cha Naguru ndicho chenye Makao Makuu ya Polisi, na watoto wa kambini hukua wakiyatazama. Wakijua kwamba kosa la baba lilizimwa kwa karo yao, watakuwa wamefundishwa somo ambalo mwalimu hawezi kulifuta ubaoni. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kupewa meza ofisini, nami najua kwamba mtoto husahau mengi aliyoambiwa, lakini hasahau aliyoyaona.

Afanye nini basi? Kwanza, amwendee mkuu wake wa kazi kabla habari hazijamfikia kwa njia nyingine. Ni safari ngumu, tena yaweza kuleta adhabu ya kazini. Lakini aliyejitaja mwenyewe husikilizwa tofauti na aliyefichuliwa. Pili, afike mahakamani siku aliyoambiwa na saa aliyoambiwa, nguo safi, akili timamu. Anayekwepa siku yake hujiongezea matata juu ya matata. Tatu, aseme kweli. Mahakama yaweza kumtoza faini, yaweza kumfunga, yaweza pia kumzuia kuendesha gari kwa muda. Hatuwezi kumwahidi lolote. Akitozwa faini, ailipe kwa njia halali na aitunze risiti yake.

Nne, wakae wawili mezani na karatasi. Karo ilipwe kwanza, kwa kuwa watoto hawakunywa. Faini, ikija, itolewe katika mfuko wa baba: fedha ya bia, ya sigara, ya kukaa na marafiki. Wakilazimika kukopa, waende kwenye chama halali cha akiba na mikopo, kama Exodus cha polisi au Wazalendo cha jeshi, kuliko kuweka kadi ya benki rehani kwa mkopeshaji wa mtaani. Na shemeji aliyeazima gari aelezwe ukweli wote, maana gari lake nalo lilikuwa hatarini.

Watoto nao waambiwe kwa maneno machache: "Baba alikosea, naye atalipia kosa lake." Wasiachwe kuokota habari kwenye bomba la maji.

Mwisho, bwana huyo ajiulize kwa siri kama usiku ule ulikuwa wa kwanza au ulikuwa wa kwanza wa kukamatwa. Tofauti yake ni kubwa. Akiona kwamba chupa ndiyo inayomwendesha, hospitali ya Butabika ina sehemu ya kuwatibu walioshikwa na ulevi, wala si aibu kwa mwenye sare kwenda huko. Aibu ni kumbebesha mama jeneza, lake au la mtoto wa mwenzake.

Mama, umeandika kwamba huna usingizi kwa hofu. Mshukuru Mungu kwamba waliobisha mlangoni kwako walikuja kukuambia yuko mahabusu. Wapo wake waliobishiwa usiku kama ule wakaambiwa habari nyingine. Mchuma janga hula na wa kwao. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Rudisha fedha ile kabatini, na asubuhi uwapelekee walimu.